Tupo Wengi, Karibu

Watu kumi na mmoja walimsema vibaya mke wangu mbele yangu, na mke wangu hakuwa na kosa hata chembe.

Kosa lilikuwa langu, mimi na karatasi moja ya mlangoni.

Mimi ni fundi vioo. Napima, nakata, nafunga madirishani. Kazi hiyo haitaki mkono unaotetemeka, na wangu ulikuwa hautulii asubuhi mpaka nipige maji kwanza. Miaka kumi na minne hiyo.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda, akamchukua binti yetu wakahamia kwa dada yake.

"Mume wangu, peke yako umejaribu mara ngapi?" aliniambia akiwa ameshashika begi. "Tafuta wenzako kwanza, ndipo unipigie."

Nikatafuta.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha kwenye simu. Kila mtu kafunga kamera, naungama kwa vioo vyeusi. Cha pili kilikutana ghorofani, chini yake baa. Nisiwadanganye, ghorofani sikufika.

Halafu nikaona tangazo la kikundi cha tatu kwenye ukuta wa zahanati, lina namba. Nikapiga. Akapokea mzee mmoja, sauti ya taratibu.

"Njoo Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Tupo wengi, karibu."

Hiyo "tupo wengi" niliishikilia wiki nzima. Nyumbani nilikuwa nakula nimesimama, maana nikikaa mezani naona viti viwili vitupu. Redio nilikuwa naiwasha ili kuwe na mtu. Nilikuwa mpweke jamani, acheni tu.

Alhamisi ikafika, siku yangu ya kumi na tisa bila tone. Jengo alilonielekeza mzee lina korido ndefu, na mlango wa kwanza umebandikwa karatasi: KIKAO CHA WALIOACHA.

Nikasema ndipo hapa. Nikaingia.

Walikuwa watu kumi na mmoja, wamekaa duara. Mama mmoja mwenye miwani, ndiye aliyeongoza, akanipa kiti.

"Karibu kaka. Jisikie uko nyumbani. Sema lolote."

"Mimi nimeacha," nikasema. "Leo siku ya kumi na tisa."

"Pole sana. Mlikaa pamoja muda gani?"

Nikadhani ndiyo lugha yao ya kikundi. Nikaenda nayo.

"Miaka kumi na minne."

"Alikufanyia nini?"

"Alinichukulia kila kitu. Usingizi, heshima, hata mikono ikawa inatetemeka."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Shetani huyo!"

"Na sasa mkikutana njiani?"

"Navuka barabara. Nikisikia harufu yake tu, miguu inalegea."

Dada mmoja akaanza kulia. Na mimi machozi yakanitoka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilieleweka.

"Kuna mtoto?"

"Mmoja. Yuko na mama yake."

"Yaani umemwachia mtoto shetani huyo huyo?"

"Shetani gani?"

"Si huyo mke uliyemwacha!"

Nikapigwa na butwaa. "Mimi sijamwacha mke. Nimeacha pombe!"

Mama wa miwani akainuka, akafungua mlango, akanyoosha karatasi iliyokuwa imekunjika pembeni. KIKAO CHA WALIOACHANA. Ndoa zilizovunjika, ndugu zangu. Lile "NA" ndilo lililoniponza.

Wakacheka mpaka aliyekuwa analia akacheka. "Wa pombe ni mlango wa mwisho," wakaniambia. "Tuombee radhi kwa mama watoto."

Nilitoka najisikia vibaya kuliko nilivyoingia. Ukishaonja kueleweka halafu ukagundua ni bahati mbaya, inauma. Miguu ilinivuta kwenye ngazi za kutokea, na nilijua kabisa zinaelekea wapi.

Lakini tupo wengi, alisema. Nikageuka, nikaenda mpaka mlango wa mwisho.

Ndani kulikuwa na viti kumi na viwili, chupa kubwa ya chai, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Na mzee mmoja, kofia ya mlinzi mapajani.

"Wengine bado?" nikauliza.

"Wengine ni wewe," akasema. "Wiki ya saba hii napanga viti. Wanapiga simu, hawaji."

"Mzee, ulisema mpo wengi!"

"Ningekwambia niko peke yangu, ungekuja?"

Nikavuta kiti nikakaa. Akanimiminia chai, tukaongea mpaka chupa ikaisha. Mkono wangu ulitetemeka, wake pia, na hakuna aliyeuficha.

Nikampigia mke wangu palepale.

"Nimepata wenzangu."

"Mko wangapi?"

Zamani ningedanganya, tena ningempa namba kamili. Nilimtazama mzee, naye akaangalia chini.

"Wawili," nikasema. "Mimi na mzee mmoja."

Nikajua nimepoteza.

"Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama mikono yetu. "Mmoja ni umoja. Kuanzia wawili ni wingi. Jumapili nitamleta binti yako akuone."

Basi wewe unayesoma hapa umejifungia ndani na chupa yako, usingoje ukumbi ujae ndipo uende. Kuna mtu mahali fulani kapanga viti na ni mmoja tu. Nenda ukamfanye wengi.