Nilivyopata safety boots za mguu mpana baada ya baba kunitwisha ndoo ya maji

Hamjambo wakuu, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kulogin tunawaona.

Leo naleta kisa cha miguu. Sio chai, hakuna sukari wala majani niliyoongeza. Aliyewahi kushinda siku nzima kwenye kiatu kinachombana atanielewa haraka, wengine mnivumilie.

Nianze kwa kujitambulisha, maana humu mtu akiandika habari za mabuti mnamwita "kaka mkubwa" mpaka mwisho wa uzi. Mimi ni KE. Naishi Mpanda mjini, ila kwetu ni Kasansa, kule Mpimbwe. Baba ni mfugaji, yeye na mama walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani kabla sijazaliwa.

Mpaka namaliza darasa la saba nilivaa katambuga tu, zile sendozi za tairi la gari, na aliyekuwa anatukatia ni baba mwenyewe. Viatu vya shule nilivivaa getini na kuvivua getini.

Kwa hiyo mguu wangu ulikua unavyotaka. Ni mfupi, lakini mbele umetanuka kama mwiko wa ugali. Shuleni waliniita Bata. Nimeolewa, nimezaa, na bado kuna mtu Kasansa akiniona sokoni anaita "Bata!" kwa sauti.

Haya, twende.

Mwaka huu nilipata kazi kwenye mradi wa barabara, upande wa Kasokola. Kazi yangu ni kushika kile kibao chenye STOP upande huu na GO upande ule.

Msicheke. Ni kazi yangu ya kwanza yenye mkataba. Kabla ya hapo nilikuwa nauza maandazi kwenye barabara hiyo hiyo, nakula vumbi la magari yale yale. Siku ya kwanza nilipovaa reflekta na kofia ngumu, nilipiga selfie nikawatumia ndugu wote, hadi wale tusiosalimiana.

Shida ikaja kwenye buti.

Stoo walikuwa na aina moja tu. Gumu, chuma mbele, jembamba. Nikapewa namba yangu, thelathini na tisa. Kidole gumba kikaingia vizuri, kile kidogo kikabaki mlangoni kinaomba kupishwa. Nikalazimisha hivyo hivyo.

Jioni nikivua, pembeni ngozi imetoka na vidole vimevimba. Mume wangu alikuwa ananikanda na maji ya moto yenye chumvi huku ananiambia niache kazi. Namwambia wewe kanda tu.

Hapo ndipo nikafanya kosa ambalo watu wa kwetu wote tunalifanya. Kiatu kikibana, sisi tunapandisha namba. Tumelelewa hivyo. Nikarudi stoo, nikabadilisha, nikachukua arobaini na tatu.

Upana ukakaa sawa. Ila mbele ikabaki nafasi ya kufuga kuku. Nikajaza vitambaa vya kanga kuukuu, nikafunga kamba, nikamshukuru Mungu.

Wakuu, buti refu kuliko mguu wako ni hatari. Ncha yake inafika mahali kabla yako.

Alhamisi moja mchana, jua la Katavi mnalijua, nilikuwa nimesimamisha magari. Mbele yangu Fuso la mahindi, nyuma yangu greda linarudi kinyumenyume. Nikataka kusogea hatua moja pembeni. Ncha ya buti ikajikwaa kwenye kokoto, nikaenda chini mzima mzima.

Kibao kikanitoka mkononi, kikaegemea kifusi, na upande uliomwangalia dereva wa Fuso ukawa ni GO.

Akaja. Simlaumu, aliambiwa aje. Nilipiga kelele nikiwa bado nimelala pale chini. Mwenye greda aliwahi kukanyaga breki, mwenye Fuso naye akakanyaga, yakasimama yanaangaliana kwa karibu sana. Hakuumia mtu.

Afisa usalama wetu ni kijana mmoja wa Kifipa, mpole, haongei sana. Alikuja akachuchumaa.

"Dada, hebu vua hilo buti."

Nikavua. Nikaanza kuchomoa vitambaa, kimoja, kingine, kingine tena. Mafundi wamesimama wanaangalia kama wako kwenye mazingaombwe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaniambia, "Sikufukuzi. Kesho pumzika. Lakini Jumatatu usipokuja na buti linalokutosha, mahali pako nitamweka mtu mwingine. Ukianguka tena, dada yangu, tutazika mtu."

Ni kweli tupu.

Ijumaa nikaenda sokoni Mpanda kwenye mitumba. Kuna muuzaji wangu anaitwa Eliya, wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Katumba. Maneno anayo. Nikamweleza shida yangu. Akaangalia miguu yangu, akaguna, akaingia ndani ya lile rundo mpaka kiunoni.

Akatoka na buti la ajabu. Plastiki ngumu, vibanio vya chuma pembeni, zito kama tofali.

"Hii ndiyo safety yenyewe ya Ulaya dada. Nyoka akigonga hapa anavunja meno."

Nikaingiza mguu. WAKUU, ULIINGIA. Nilitaka kulia.

Nikasimama. Sasa lile buti limetengenezwa linakuinamisha mbele, magoti yamekunjwa, huwezi kunyooka hata ukitaka. Nikatembea hatua chache kama mtu anayenyatia kuku wa jirani. Wauza nyanya wakaacha kuuza.

Nikalipiga picha nikalitafuta mtandaoni. Kumbe ni buti la kutelezea kwenye theluji! Wenzetu wanasimama juu ya ubao, wanajifunga na haya mabuti, wanashuka mlima kwa hiari yao. Nikamwonyesha Eliya.

Hakutetereka. "Sasa theluji si barafu? Nyie mnaidharau Mpanda, barafu ipo kwenye kila friji."

Nilicheka mpaka nikasahau kuwa nina matatizo. Lakini kuna kitu niliondoka nacho pale. Eliya alipokuwa ananivua, kiatu laini cha ndani kilitoka chote, kikabaki peke yake chini. Nikakikanyaga kwa juu nione, mguu wangu ukakaa ndani ya mipaka yake pande zote. Sikujua nitalitumiaje hilo nililoliona. Nikaenda nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi nilikuwa na safari ya Kasansa, kikao cha harusi ya mdogo wangu. Nikapanda basi la asubuhi, tukapita Sitalike, viboko wamejilaza kwenye tope lao kama kawaida, nikawaonea wivu maana wao hawavai kitu.

Mabuti ya kazi nilikuwa nimeyafunga kamba nimeyaning'iniza shingoni, ndala miguuni, nachechemea. Baba alikuwa mlangoni mwa zizi. Hakunisalimia kwanza.

"Mayu, mguu umefanyaje?"

Kwetu baba anamwita binti yake mayu, yaani mama. Nina mtoto wa darasa la nne, lakini nikisikia hilo neno kwa baba narudi kuwa mdogo. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, Fuso, greda, vitambaa, Jumatatu. Machozi yakatoka yenyewe. Nikamwambia baba hii miguu yako uliyonipa itaninyima kazi.

Alichukua mguu wangu akauweka kwenye goti lake. Akaugeuza huku na huku anavyofanya kwato ya ndama.

"Nani kakwambia una mguu mkubwa?"

"Buti la arobaini na tatu, baba."

"Mguu wako mfupi huu. Ni mpana tu. Umenunua urefu, wewe shida yako upana."

Akamwita mama alete ndoo ya maji na boksi. Akatandika boksi chini, akachukua mkaa. Mimi nikabaki nimekaa, nikaweka mguu juu ya boksi nikidhani atanichora hivyo hivyo. Akanikatalia.

"Simama. Twika ndoo."

Hapo ndipo nikakumbuka. Utotoni, kila akitukatia katambuga, alikuwa anatutwisha kitu kwanza. Ndoo, au debe la mahindi. Siku zote nilidhani ni utani wake.

"Baba, ndoo ya nini?"

"Kwani kazi unafanya umekaa? Mguu wenye mzigo ni mwingine. Hata ng'ombe hununui akiwa amelala, unamwinua kwanza."

Nikatwika ndoo. Akazungusha mkaa taratibu kufuata mguu. Halafu akanichora tena nimekaa, ili nione mwenyewe. Wakuu, ile michoro miwili ilipishana upana wa kidole! Miaka yote nimekuwa najaribu viatu nimekaa kwenye benchi la muuzaji, nasema sawa imetosha, nikifika barabarani nikasimama saa mbili, kilio.

Baba akakata ule mchoro wa ndoo kwa kisu, vipande viwili, kulia na kushoto. Akanipa.

"Kiatu kifuate huu. Kisipofuata, kiache kwa mwenye nacho."

Kisha akaenda kukama kama vile hajafanya kitu.

Kwenye basi la kurudi ndipo vitu viwili vikakutana kichwani. Boksi la baba, na kile kiatu cha ndani cha buti la theluji. Nikajiambia sitavaa buti hata moja kwanza. Nitatoa kile kitambaa cha ndani, soli ya juu ile inayochomoka, naweka boksi langu juu yake. Boksi likizidi pembeni, hata kulivaa silivai.

Jumapili mchana nikawa kwa Eliya. Nikaanza kuchomoa soli za ndani za mabuti yake yote. Akapiga kelele, "Dada nyie mmetumwa! Nani atazirudisha hizo?" Nikamwambia tutazirudisha wote. Mwisho akawa anachomoa yeye mwenyewe, amenogewa, anapima na boksi langu, likizidi anasema "hili mwizi, hili mwizi, hili nalo mwizi".

Chini kabisa ya rundo kulikuwa na buti la kiume, namba arobaini. Ngozi nzito, chuma mbele, limechakaa rangi lakini soli nzima. Ubapa wa mbele umekaa kama mdomo wa koleo. Boksi langu likatua ndani yake bila kuzidi hata ukucha.

Eliya akanipa buti, halafu akaangalia huku na huku, akaazima ndoo ya maji kwa mama wa nyanya. "Baba yako kasema na ndoo," akaniambia.

Nikavaa pande zote mbili, nikatwika ndoo katikati ya soko, nikatembea kwenda na kurudi. Watu walinishangaa na mimi sikujali. Vidole vyote vilikuwa vimelala mahali pake, hata kile kidogo.

Jumatatu afisa usalama alinisubiri getini. Akabonyeza mbele kwa kidole gumba, akabonyeza pembeni, akaniambia nitembee, nikimbie, nirudi kinyumenyume. Akatabasamu, mara ya kwanza namwona meno.

"Nenda kasimame mahali pako."

Nilisimama mpaka jioni. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshachemsha maji ya chumvi. Nikamwambia leo koga wewe.

Namshukuru Mungu kwa ile kazi, bado ninayo. Namshukuru yule afisa ambaye angeweza kunifuta kazi siku ile ile na hakunifuta. Namshukuru Eliya na maneno yake. Baba sijui nimshukuruje, kwa sababu kumwambia asante baba wa Kisukuma ni kazi ngumu kuliko kusimamisha Fuso.

Kwa hiyo nikaamua kumlipa kwa ndoo.

Baba hajawahi kuvaa kiatu cha kufunika. Kila harusi, kila msiba, ni katambuga, na ukimuuliza anasema viatu vya dukani vilishonwa kwa ajili ya watu wengine. Nilipoenda tena Kasansa nilitandika boksi nikamwambia simama, twika. Mzee mzima na ndoo kichwani, ameishika kwa mikono miwili, anatetemeka maji yasimwagike. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilipomaliza nikaweka boksi lake karibu na langu. Ni mguu ule ule, wake umezidi urefu tu.

Eliya alinitafutia viatu vyeusi vya ngozi, vipana, vya kamba. Siku ya harusi ya mdogo wangu baba aliingia navyo kanisani, akamshika binti yake mkono mpaka mbele. Niliangalia miguu yake muda wote badala ya kuangalia bibi harusi.

Baada ya chakula nikamtafuta simwoni. Nikamkuta zizini, ng'ombe ndio wanarudi, kasimama katikati ya samadi anawahesabu.

"Baba! Viatu!"

Akainamisha kichwa, akaangalia chini, akashtuka kweli kweli.

"Eeh mayu. Nilisahau kama nimevaa."

Kwangu mimi somo ni hilo wakuu. Uwe mshika kibao, mlinzi, mchimbaji, au hata hao wanaoteleza kwenye theluji na mabuti ya plastiki: usiamini namba, toa soli ya ndani, pima mguu umesimama na mzigo. Kiatu chako ni kile utakachokisahau.

Wenye miguu mipana mpo? Semeni mlipona vipi, na wenye mbinu nyingine mziweke hapa. Wenye miguu myembamba mnaweza kusoma mkapita, Mungu aliwapendelea.