Nilipomshinda Baba

Juzi, mjini, niliona mashine ya michezo ya video kama tuliyokuwa nayo nyumbani Uthiru, na mchana mmoja wa utotoni ukanirudia. Mimi na baba tulikuwa tukicheza sebuleni, nyumba ikinuka mafuta ya taa.

“Huu wa magari ni maridadi tu,” baba alisema. “Gari inagonga ukuta na haichubuki. Nao wa ngumi hauna haki. Ukibonyeza ovyo unashinda.”

Nikabonyeza ovyo, nikamshinda tena na tena. Chumbani, zipu za mabegi zililia mikononi mwa mama.

“Haya, bingwa,” baba alisema. Akaweka padi ya kuchezea chini, akabeba mabegi yake.

Sasa najua alikuwa akihamia kwa mwanamke mwingine. Wakati ule nilidhani nimemuudhi kwa kumshinda, nikakaa miezi nikijifunza kushindwa, ili akirudi ashinde yeye.