Mtoto wa Chumba cha Moto

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mzee Nagbe Wesseh huchekecha majivu ya jana. Huchuchumaa mbele ya meko na chekecheke yake ya waya, akaitikisa taratibu, kisha akaokota vipande vya makaa ambavyo havijaungua vikaisha na kuvitia koponi. Mkewe, Nyonoh, anayaona hayo tangu ujana wao na bado hajayazoea.

"Kuni zimejaa mpaka darini," humwambia, "na wewe unadonoa majivu kama kuku."

"Kuku hajawahi kulala njaa."

"Wala hajawahi kunipakia masizi kwenye shuka."

Mtaani kwetu, Mji wa Wakru hapa Freetown, kila mtu anajua alikoipata tabia hiyo. Alikuwa mtia makaa katika manowari ya Waingereza, mojawapo ya zile za moshi zenye magurudumu mawili ubavuni. Kwa jinsi ilivyokuwa ikipiga maji kulia na kushoto, mabaharia Wakru waliipa jina la Bata. Kazi yake ilikuwa kuzifukuza na kuzikamata meli zilizobeba watu kwenda kuuzwa ng'ambo. Upepo ukifa, meli ya tanga husimama; Bata hakusimama maadamu tumboni mlikuwa na moto, na moto huo aliulisha Nagbe. Makaa yalipopungua mbali na bandari, majivu yalichekechwa.

Waingereza wa melini walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Maji ya Moto. Aliitikia. Wenzake walikuwa na majina mabaya zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona meli ikikamatwa. Mtu wa chumba cha moto haoni bahari. Alifuata habari kwa masikio. Magurudumu yakienda mbio, kuna tanga mbele. Yakinyamaza ghafla, wamelifikia. Yakianza kugugumia polepole kama mtu aliyebeba mzigo, ujue wanaivuta meli iliyokamatwa kuileta Freetown. Juu watu walilia, waliimba, walikanyagana. Yeye hayo yote yalimfikia kupitia chuma, huku koleo likiwa mkononi.

Safari moja magurudumu yalikuwa yakigugumia hivyo, akashuka msimamizi wa Wakru, mtu mmoja mrefu aitwaye Tugbe, amebeba kitu ndani ya blanketi.

"Huyu wamemtoa kule kwenye meli," alisema. "Anatetemeka mpaka meno yanagongana, na juu kuna upepo. Mweke karibu na joto. Akifa usinilaumu."

"Nani?"

"Mtoto, Nagbe. Kwani nimekuletea samaki?"

Alikuwa msichana mdogo, pengine wa miaka minne au mitano, mwepesi kama kapu tupu. Nagbe alimtandikia magunia, akamnywesha maji ya wali kwa kijiko. Kwa homa ile mtoto hakujua yuko wapi. Alikuwa na maneno machache tu ambayo aliyarudia na kuyarudia, kwa sauti ya kuvuta kama ya wimbo. Yalikuwa ya lugha ya Waaku, watu ambao wengi wao waliletwa Freetown na meli hizo hizo zilizokamatwa, na Nagbe hakujua maana ya hata moja. Lakini hakuwa na lugha nyingine ya kumbembelezea. Basi mtoto aliposema, naye alisema. Mtoto aliponyamaza, aliendelea peke yake, neno moja kwa kila koleo la makaa, ili asikie kwamba kuna mtu.

Homa ilishuka siku ya kukaribia nchi kavu. Mtoto alifumbua macho, akamtazama jitu jeusi kwa masizi lililokuwa likiimba maneno ya kwao, akamshika kidole.

Hapo ndipo Nagbe alipoingiwa na hofu. Alijua kwamba hata Freetown watoto waliookolewa waliwahi kuibwa vijijini na kupelekwa mitoni, kwa wauza watu, kuuzwa tena. Alijua pia kwamba Mkru haibwi. Kila mwenye alama yao, mstari wa buluu iliyoiva unaoshuka katikati ya paji la uso mpaka puani, wezi humpita, maana bila Wakru hakuna chombo kinachopakia wala kupakua katika pwani yote hii. Akachukua masizi ya tanuri na sindano ya kushonea tanga. Mtoto alilia kidogo tu.

Tugbe alipoona alishika kichwa.

"Umemtia alama yetu? Ulimwomba nani ruhusa?"

"Sikumwomba mtu."

"Basi umekuwa baba, mjinga wewe. Alama haiazimwi."

Bandarini, watu waliookolewa walipelekwa kwenye ua wao wa kupokelewa. Askari wa getini alimtazama mtoto paji la uso, akamtazama na Nagbe, akawapungia mkono wapite. Alidhani ni mtoto wa baharia. Nagbe akamleta kwa Nyonoh, ambaye walikuwa wameishi naye muda mrefu bila kujaliwa mtoto.  Nyonoh alibandika maji ya kumwogesha.

Walimwita Kade. Aliota mashavu, akajua Kikru, akajua kutukana kwa Kikru. Kwao kulimtoka kichwani, hata yale maneno yakamtoka. Nagbe ndiye aliyebaki nayo. Alipoacha manowari akawa mpakia makaa gatini, na hakuweza kuinua kikapu bila kuyaimba.

Waliishi hivyo miaka, mpaka Jumamosi moja Nagbe alipokuwa akipanda ubao wa kuingilia melini na kikapu begani, akiimba. Chini walikuwa wamekaa wauza chakula. Mwanamke mmoja Mwaku, aliyetoka Hastings, kijiji cha waliookolewa, na beseni la agidi, uji mzito wa mahindi uliofungwa majani, aliinuka beseni likapinduka.

"We baba! Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Maneno gani?"

"Unayoimba! Hayo ni majina ya sifa ya binti yangu. Kila mtoto kwetu ana yake. *Ajike, mwana wa wachonga ngoma, uliyeamka ili udekezwe.* Nilikuwa nikimwamshia hayo kila asubuhi mpaka siku walipotuvamia. Hakuna mwingine duniani anayeamshwa hivyo. Nani kakufundisha?"

Nagbe alikisogeza kikapu begani.

"Nimeyaokota baharini, mama," alijibu.

"Kwa nani?"

Mkuu wa gati akaita, "Maji ya Moto! Umekodiwa kusimama?" Nagbe akapanda ubao. Aliposhuka hakuimba, wala siku zilizofuata.

Nyumbani alimweleza mkewe. Nyonoh alikuwa akimenya mihogo, hakuacha.

"Waaku wako wengi. Majina hufanana."

"Haya hayafanani, Nyonoh."

"Basi wewe ulisikia vibaya. Masikio yako yaliharibiwa na mashine."

"Nyonoh."

"Nimemwogesha mimi! Nimemtoa funza mimi! Ukienda kumwambia yule mwanamke, usirudi kula chakula changu."

Nagbe hakwenda. Jumamosi iliyofuata yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Efunyemi, alikuja mwenyewe Mji wa Wakru. Hakuja kuuza kitu. Alipita mlango kwa mlango akiwatazama wasichana wote wa umri wa binti yake. Nagbe na Nyonoh walikuwa ndani, wakamwona akifika kwao. Kade alikuwa kizingitini, anachagua mchele. Efunyemi aliinama, akamtazama uso. Akauona mstari wa buluu.

"Hujambo, binti wa Kikru," alisema kwa upole. "Mama yako amekulea vizuri." Akaenda mlango wa pili.

Nyonoh alishusha pumzi. Nagbe alikuwa amekwisha simama. Mkewe alimshika shati, likachanika, naye akatoka na shati lake limechanika, akasimama kizingitini na kuyasema yale maneno kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Kade.

Efunyemi alirudi polepole, kama anayeogopa kukanyaga kitu. Hakumshika mtoto. Aliomba tu amwone nyuma ya goti la kushoto. Palikuwa na kovu la kuungua kwa mafuta ya mawese, la mviringo, ambalo Nyonoh alilipaka dawa kila lilipowasha asijue limetoka wapi.

Yule mama alipiga magoti. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kuusugua ule mstari.

"Hautoki," Nagbe alimwambia.

"Ni masizi."

"Ni masizi, lakini nilichanja. Nilitaka wasimwibe tena."

"Ulimficha! Nimempita mwanangu! Nimemwamkia kama mtoto wa jirani!" Alizidi kusugua. Kade alianza kulia, akaita "Mama!" na wanawake wote wawili wakageuka.

Nyonoh ndiye aliyeupata moyo kwanza. Alikuja akamshika Efunyemi kiwiko.

"Dada, utamchubua. Njoo ukae. Hujala tangu asubuhi, nakuona."

Kade alikwenda Hastings mvua zilipokatika. Nyonoh aliwasindikiza mpaka darajani, akarudi na kulala siku mbili. Lakini Efunyemi alikuwa mtu wa haki. Kila mwezi alimleta binti akae siku kadhaa, na walipokuja wachumba na njugu zao za kola, za kuposea, aliwarudisha. "Nendeni kwanza Mji wa Wakru," aliwaambia. "Baba yake yuko kule." Mpaka leo wajukuu wa Hastings wakija hapa humkwea Nagbe mgongoni, na Nyonoh huwapigia kelele huku akiwajazia sahani.

Mimi jirani yao nilimwuliza Nagbe jambo moja tu, na nilichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kuliuliza. Nyonoh alikuwa ameingia ndani.

"Babu, kama yule mama asingekusikia gatini, ungemtafuta?"



"Hapana," alisema. "Nisingemtafuta."