Tulipotafuta Chumba Kawangware

Nyumba yetu ya mtaa wa Gatwekera niliichagua mimi, na niliichagua kwa sababu ya mlango. Ulifunguka moja kwa moja kwenye njia ya watu, kwa hiyo nikiweka cherehani pale mlangoni nilipata mwanga wa bure na wateja bila kuwaita. Kuta zilikuwa za udongo, paa la mabati, na jirani akikohoa upande wa pili unampa pole bila kuinuka. Mume wangu alitaka chumba cha ndani ndani, mbali na kelele, maana alikuwa akirudi kutoka kazi ya mjengo amechoka hoi. Nikamwambia kelele ndizo zinazoleta sketi za shule za kushona. Akacheka, akabeba godoro.

Mimi ni wa Machakos, yeye ni wa kule ziwani. Binti yetu, ambaye hakuwa ameanza shule, alikuwa akinijibu kwa lugha ya baba yake, nami nikimgombeza kwa yangu, na majirani wanacheka. Hakuna aliyetuuliza lolote. Wakati huo mtu akitafuta nyumba aliangalia kama paa linavuja, maji yako umbali gani, na choo ni cha milango mingapi.

Halafu ukaja uchaguzi wa 2007 na matokeo yake. Moshi sitaueleza, aliyekuwepo anaujua na asiyekuwepo aliuona kwenye televisheni. Nitasema habari za mlango tu. Kila kundi lililopita na mapanga lilipita mbele ya cherehani yangu. Mwanzoni hawakuwa wakinitafuta mimi. Kisha Januari mkubwa wa kwetu akajiunga na serikali ambayo watu wa ziwani walikuwa wakiipinga, na sisi watu wa Ukambani tukahesabiwa upande wa pili. Asubuhi moja vijana ambao niliwahi kuwapunguzia suruali walisimama mlangoni wakamuuliza mume wangu, kwa adabu kabisa:

"Mzae, huyu mathe ni wa wapi?"

"Ni bibi yangu."

"Hatujakuuliza hiyo."

Jirani yetu, mama wa ziwani pia, alitoka na mwiko mkononi akawaambia mimi ni shemeji yake, na mwenye swali aanze na yeye. Wakaondoka. Lakini walisema watarudi, na jirani hawezi kushinda mlangoni kwangu na mwiko.

Mwanamke mmoja wa kanisani akaniambia kwamba Kawangware, kule kituo cha 56, kuna ploti za kupangisha zenye vyumba vitupu, kwa sababu huko nako watu wa ziwani wamekimbia. Ilikuwa kweli. Tulipishana barabarani, wa huku wakikimbilia kule na wa kule wakikimbilia huku, kila mtu na godoro lake kichwani. Nilienda na mtoto, nikamwacha mume wangu nyumbani.

Chumba kilikuwa cha mawe, sakafu ya saruji, mfereji wa maji ya bomba ndani ya ploti, na geti la chuma. Miaka yote nilikuwa nikitamani chumba kama kile. Msimamizi wa ploti, mzee mpole mwenye funguo kiunoni, alinieleza habari za maji na stima, kisha akauliza mzee wangu ni wa wapi.

Nilitaka kudanganya. Sisi mafundi wa nguo uongo hautupigi chenga. Nguo ambayo haijakatwa tunasema imebaki vifungo tu. Lakini mtoto alikuwa ameuona mfereji, akaniita kwa furaha nije nione maji, kwa lugha ya baba yake.

"Mama, wewe na mtoto karibuni," yule mzee alisema. "Yeye sitaweza."

"Ni baba yake huyu!"

"Najua. Si mimi. Kuna vijana hapo nje wanauliza kila mtu anaingia. Wakijua analala hapa watachoma ploti yote, na nyinyi ndani."

Nilimrushia maneno ambayo mtu wa kanisa hafai kuyajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akaniuliza kama aniwekee chumba hadi jioni. Huo upole wake ulinikasirisha kuliko matusi.

Mume wangu nilipomwambia, hakubisha. Aliuliza geti linafungwa na nini. Nikamwambia kufuli kubwa. Akaanza kukusanya vyombo.

Kugawa nyumba moja ziwe mbili ni kazi ya kijinga. Jiko lilikuwa moja, godoro moja, karai moja. Alisema nichukue vyote, yeye atakula kibandani. Nikamwambia vibanda vyenyewe vimechomwa. Tukazozana juu ya sufuria kwa sauti, kama watu wanaoachana, na ukweli ni kwamba nilimgombeza yeye kwa sababu wengine wote niliowakasirikia sikuweza kuwafikia. Mwishowe nilimwachia jiko na nikalia.

Alisukuma mkokoteni pamoja na mwenye mkokoteni hadi Dagoretti Corner. Hapo akasimama, kwa sababu mbele ya hapo hakuwa na usalama. Binti yetu alidhani baba anapumzika tu, akakaa chini kando ya barabara kumngoja. Ilibidi nimbebe huku akipiga mateke.

Wakubwa walipokuja kupatana mbele ya kamera, nilifurahi kama mjinga. Nilirudi Gatwekera kuangalia kama tunaweza kuanza tena. Wale vijana wakanisalimia, "Sasa mathe," kama vile hapakutokea kitu, nami nikageuka nilikotoka. Basi nikatafuta upande wa Kawangware, nikazunguka ploti baada ya ploti, mpaka nikapata chumba ambacho mwenyewe hakuuliza mtu ni wa wapi. Nikamwita mume wangu aje akione.

Nilimwonyesha kila kitu: cherehani itakaa hapa, pazia litapita hapa, kitanda chetu huku. Sijui kama alinisikia. Alitoka akaangalia kichochoro kushoto na kulia, akarudi, akashika vyuma vya dirisha la nyuma na kuvitikisa.

"Huku nyuma hakuna pa kutokea?"

"Vita viliisha, baba."

"Najua." Alivitikisa tena. "Chukua hii. Ni nzuri. Mimi nitakuwa nakuja Jumapili."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine nitajua mmelala salama."

Nilimwambia hiyo si ndoa. Nilimwambia ni mwoga. Alinisaidia kuingiza cherehani, kisha akaondoka jua likiwa bado juu. Jumapili iliyofuata alikuja amevaa shati lake zuri, akabisha hodi, na akabaki nje akingoja mpaka nilipomwambia karibu.