Msiba wa Uongo Uliojaza Ukumbi Isongole

Saa saba mchana, Isongole. Gwantwa Kibona amesimama juu ya benchi, misumari mdomoni, anapigilia blanketi kwenye dirisha la mwisho la ukumbi wa kanisa. Mwanga ukipenya, picha haionekani.

"Mama, hilo blanketi lina tundu!" anamtania Mzee Anania, mwenyekiti wa kitongoji.

"Basi lete kofia yako nilizibe, mwenyekiti."

Mbele yao limetundikwa pazia: mashuka mawili meupe aliyoyaunga kwa cherehani yake na kuyapiga pasi alfajiri. Jumba la sinema hapa hakuna. Kuna mashuka ya Gwantwa.

Ana miaka 46, mjane, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba. Projekta aliinunua kwa kushona sare za kwaya tatu. Kwa miaka minne ameonyesha filamu kila Jumamosi, kiingilio shilingi 500, na kila onyesho huanza kwa sala.

"Watu wakaniuliza, mbona humo ndani hakuna hata mmoja anayeongea kama sisi? Nikasema, haya, tutengeneze yetu."

Wakajikusanya watu kumi na wawili na simu moja, ya binti yake Atupele.

Juni mwaka huu walirekodi msiba. Boazi, muuza mbolea, alilala ndani ya jeneza la kuazima. Wanawake wanne wakaangua kilio.

"Niliwaambia walie kwa nguvu. Kosa langu ni moja, sikumtaarifu balozi wa nyumba kumi," anasema Gwantwa.

Haikupita nusu saa, majirani hao! Wanawake na kuni na mabeseni ya unga, wanaume na majembe wakiuliza kaburi linachimbwa wapi. Bibi Marita akajitupa chini, analia machozi ya kweli. Boazi akainuka jenezani kuchungulia.

"Bibi alikimbia, kanga akaiacha," anacheka Atupele.

Wengine hawakucheka. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti, walisema. Wazee wa kanisa wakafunga ukumbi.

Gwantwa akajitwika unga, akapita nyumba thelathini na moja, kila beseni kwa mwenyewe, akiomba radhi. Kwa Bibi Marita aligonga mwisho.

"Unga wa msiba haurudishwi, mwanangu," bibi alimwambia. "Mimi nataka kujiona. Nimelia misiba mingi, sijui ninavyolia."

Simu ya Atupele haikuwa imezimwa siku ile. Kila kitu kilikuwemo.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa wazee. Wakakubali onyesho moja tu: waliodanganywa wasipokuja, ukumbi haufunguliwi tena.

Ndiyo maana leo Gwantwa hatulii. Saa nane kasoro, mabenchi ni matupu. Anatazama mlango, midomo inacheza kwa sala.

Kisha anaingia Bibi Marita na kanga yake ileile. Nyuma yake wapo wale wa kuni, wale wa majembe, na watoto wao. Mabenchi hayatoshi.

Msiba unafika kwenye pazia.

"Huyo ni mimi!" Bibi Marita anasimama. "Tazameni! Nalia vizuri!"

Ukumbi unalipuka kwa vicheko na makofi. Mzee Anania anajifuta macho kwa kofia.

"Mama Atupele, nyingine mnaanza lini?"

"Baada ya mavuno. Safari hii ni harusi," Gwantwa anajibu, kichwa juu. "Balozi nitamwambia mapema. Ila wakija na unga, mwenyekiti, naupika."