Nilisema Damu Ni Yangu

Mimi nina mdomo mbaya, na sisemi hivyo ili mnionee huruma. Walioishi nami mtaani Kamalondo wanajua. Siku hizi hakuna wa kuusikia: ninapika peke yangu, ninakula peke yangu, na nikigombana ninagombana na sufuria. Upweke huu nilijitafutia mwenyewe, asubuhi moja, kazini.

Enzi zile za Wabelgiji hapa Kongo, mjini Elisabethville, nilifanya kazi ya labo, yaani maabara, katika hospitali ya weusi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupima damu. Unamchoma mtu kidole, unaweka matone mawili kwenye kigae cheupe. Tone moja unalitilia dawa ya chupa ya A, la pili dawa ya chupa ya B, kisha unatikisa kigae polepole na kungoja. Tone likivunjika punjepunje, kama maziwa yaliyochacha, umeshalijua kundi lake. Yakivunjika yote mawili ni AB, yakibaki laini yote mawili ni O. Ukikosea hapo, mgonjwa atapewa damu inayopigana na yake, na atakufa mbele ya ndugu zake. Sikuwahi kukosea, na nilijivuna sana kwa hilo. Wenzangu walinitania kwamba nikisalimiana na mtu ninamwangalia kwanza kidole.

Mimi ni Muluba wa kaskazini. Mke wangu alikuwa Mulamba wa Sakania, kule mpakani ambako reli inaingia Rhodesia. Kwetu mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Kwao mtoto ni wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba, maana wanasema damu inatoka kwa mama peke yake. Baba ni mtu wa kuheshimiwa tu. Tulipooana jambo hili tulilifanyia mzaha. Nikimwambia, "Huyu mutoto iko wangu," ananijibu, "Iko wako mupaka saa ya kulia," kisha anamtua mapajani mwangu akiwa analia. Miaka minne tulicheka hivyo.

Binti yetu alipokuwa na miaka minne, malaria ilimshika vibaya. Wiki ya pili viganja vyake vilikuwa vimepauka, na alihema kama mtu anayepanda mlima, naye amelala kitandani. Daktari alimfunua kope, akasema bila kuongezewa damu hamalizi siku mbili. Nilimpima mwenyewe. Kundi B. Mimi pia ni B. Mama yake alikuwa O, na damu ya O ingeweza kumfaa, lakini naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye homa ileile, daktari akamkatalia. Basi nikasema nitatoa mimi, kesho asubuhi.

Mke wangu alitoka, akaenda posta, akampigia kaka yake telegramu Sakania.

Asubuhi yake shemeji aliingia labo moja kwa moja kutoka stesheni, amevaa koti lake la kanisani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipigia makofi ya polepole, ndivyo kwao wanavyosalimu wakwe kwa heshima. Sikuyajibu. Akakunja mkono wa koti bila haraka, akauweka mezani.

"Buko," akasema, ndivyo mashemeji tunavyoitana huku, "kamata damu. Mutoto anaishiwa na damu ya kwetu, njo mi nimekuya kumuongezea."

Alikuwa amekuja safari yote ile ili ampe binti yangu damu. Leo ninaiona heshima iliyokuwa pale. Siku ile niliona mtu aliyekuja kuninyang'anya.

Nikamchoma kidole. Tone lenye dawa ya A likavunjika. Nikachukua jingine, nikalichanganya na maji ya damu ya mtoto, nalo likavunjika. Ningeweza kumweleza kwa upole kwamba damu hizi hazikubaliani, kwamba hata waliotoka tumbo moja hutofautiana. Badala yake nikamsogezea kigae puani.

"Angalia muzuri," nikamwambia. "Damu yako ikiingia kwa ule mutoto, itamuua. Anataka ya kwangu. B ni yangu. Dada yako ni O, hana A, hana B. Hakumupa mutoto kitu. Ule mutoto iko na damu ya baba tu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona, na nikamalizia maneno yangu hivyo hivyo.

Na nilikuwa ninadanganya. Mtawa aliyenifundisha kazi, masera tulivyomwita, alinieleza mara nyingi kwamba kila mtoto hupokea kitu kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Alichotoa mama wa O hakionekani kwenye kigae, kwa kuwa B inakifunika, lakini kimo, na mtoto anaweza kuja kumrithisha mwanawe. Nusu ilikuwa ya mama yake. Nililijua hilo vizuri kabisa. Nilitaka kushinda tu.

Shemeji akateremsha mkono wa koti. Alikitazama kigae, akanitazama mimi.

"Toa basi, buko," akasema. "Toa, mutoto apone."

Nikatoa. Chupa ikajaa kutoka mkononi mwangu, ikatundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Jioni midomo yake ilianza kurudia rangi, na siku ya tatu aliomba bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nikalia. Kisha nikamtafuta mke wangu nimpe habari ya bukari. Alinisikiliza, akaitikia, "Ndiyo, bwana." Hakuwahi kuniita bwana. Hilo lilikuwa neno la kumjibia karani.

Mtoto aliporuhusiwa, shemeji alikuja nyumbani. Akasema anawachukua wote wawili, mama na mtoto. Nikamwambia haiwezekani, damu imeshaonyesha mtoto ni wa nani. Hakupandisha sauti.

"Buko, mi sibishane na kigae yako. Damu ni yako, tumekubali. Lakini ulisema ya kama dada yangu hakumupa mutoto kitu. Mwanamuke atakaa namna gani na muntu mwenye kumuambia vile?"

Nikamgeukia mke wangu, nikitumaini atapinga. Alikuwa anakunja nguo za mtoto.

Nilimbeba binti yangu mwenyewe mpaka stesheni. Alikuwa mwepesi mno, amenishika shingo kwa mikono miwili. Pale mbele ya behewa hasira zote ziliniisha, nikabaki na woga mtupu. Nikamwambia mke wangu harakaharaka, abiria wakisikia: nilisema uongo, nusu ya damu ile ni yako, kigae hakionyeshi kila kitu, kamuulize masera.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampokea mtoto.

"Miye nilijua," akasema. "Nilimubeba miezi tisa, nilijua. Nilikuwa nangojea weye useme vile mbele ya kaka yangu."

Nikamwambia nitamwambia sasa hivi. Kaka yake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, koti limekunjwa mkononi. Nikamwendea. Akageuka, akaniangalia bila chuki, akingoja, maana aliona nina neno. Aibu ikanishika.

"Safari muzuri, buko," nikasema.

Akanishukuru, na wakapanda wote watatu.