Nyumba ya Kumi na Moja

Wanaosema ujamaa ulikufa siku maduka ya Sumbawanga yalipojaa sabuni hawakumjua balozi wetu. Alikuwa mama wa Kifipa, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na aliongoza nyumba kumi kama mtu aliyekabidhiwa nchi. Ila nyumba zake zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na moja ilikuwa yetu.

Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walihama na ng'ombe wakitafuta malisho, wakaishia bondeni mwa mtaa, chini ya mashamba ya ulezi. Majirani hawakutuchukia, walituhesabu tu kuwa watu wa kupita. Nilipofika umri wa kuanza shule, mwalimu mkuu alidai barua ya balozi, na bila barua hiyo ulikuwa si mtoto wa mahali popote. Mama Balozi aliiandika, akanishika mkono mpaka ofisi ya kata ikagongwe muhuri. Mtendaji akaisoma, akacheka.

"Mama, wewe si balozi wa nyumba kumi? Hii nyingine umeitoa wapi?"

"Kumi ni jina la kazi, bwana mtendaji. Wewe ukizaa mtoto wa kumi na moja, utamtupa?"

Muhuri ukagongwa. Nilimpenda siku ile, na sijaacha.

Miaka hiyo neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kila mtu kushika lake. Yeye kila Jumamosi alipuliza filimbi ya msaragambo vilevile, watu watoke na majembe kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Kijana mmoja alimwambia, "Mama, hayo yamepitwa na wakati, siku hizi ruksa." Akamjibu, "Haya, ruksa maji yalale kitandani kwako." Kijana akaenda kuchukua jembe.

Mtaro ulipofika nyumba ya kumi, mwenye nyumba hiyo, fundi seremala, akasema panatosha. Wote waliona kwamba maji yangemwagikia kwetu. Wakabeba majembe yao wakaondoka, na hilo bado linaniuma. Mama Balozi hakubishana. Alikaza kitenge chake, akaendelea kuchimba peke yake kuja kwetu. Baba akatoka, akaanza kuchimba kutoka upande wetu kwenda kwake. Kabla ya saa sita wote walikuwa wamerudi, fundi seremala akiwa wa mwisho, na mtaro ukapita mlangoni kwetu mpaka mtoni.

Mama Balozi alifariki wakati wa mvua, mimi nikiwa nimeshaanza kufundisha. Asubuhi ya mazishi niliwapelekea wachimba kaburi uji wa ulezi, nikamkuta shemeji wa marehemu, mzee aliyekuja kutoka Kaengesa, amesimama ukingoni akimnyooshea baba fimbo.

"Wewe mgeni, kaa pembeni. Kaburi la kwetu linachimbwa na wenyeji."

"Sawa, mzee," baba akasema, akatoka shimoni na jembe lake. Nilitamani kummwagia yule mzee uji wote wa ndooni.

Ndipo fundi seremala alipotupa jembe chini.

"Shikamoo, mzee. Kama huyu hachimbi, na sisi hatuchimbi. Padri akifika, akute shimo linaloishia magotini."

Wakatoka mmoja mmoja, wanaume wa nyumba zote kumi, wakaketi kwenye majani mabichi. Mzee akawafokea kwa Kifipa. Walimsikiliza kwa adabu zote, na hakuna aliyenyanyuka. Mvua ikaanza kudondoka, wao wamekaa tu, huku kengele ya kanisa ikilia kuwaita watu kwenye misa ya marehemu. Mwishowe mzee aliteremsha fimbo yake, akasogea.

Baba akashuka wa kwanza. Alichimba mpaka nikawa siioni tena kofia yake, naona udongo tu ukirushwa juu.

Mpaka leo watu wakisikia jina langu huniuliza, mwalimu, kwenu hasa ni wapi? Kwetu Sumbawanga. Baba yangu amechimba kaburi hapa.